Mkate au Mpira?

 

Katika toleo hili tunapenda tutafakari pamoja nanyi swali ambalo limetusumbua tangu mwaka jana. Swali lenyewe ni hili: Je, ni halali mbele za Mungu kutumia sadaka kwa ajili ya mchezo wa mtu aliyekatwa mguu, wakati jirani yake hajala? Wengine watasema mchungaji amekosa la kuandika. Tunawaomba mtuvumilie hadi mwisho, kwa maana tuliona swali hili dogo, tukalijibu upesi, na jibu letu lilimwumiza mtu.

JAMBO LILILOTOKEA KWETU

Kuna kijana mmoja ambaye alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa miguu. Jumapili baada ya ibada watu waliharakisha kula bugali ili wasikose kumwona uwanjani. Siku moja aliumia goti akicheza. Matibabu yalichelewa, jeraha likaharibika, na mwishowe mguu ukakatwa juu ya goti. Tangu hapo mashemasi walimpelekea sabuni, unga na mafuta kila mwisho wa mwezi. Hawakuruka hata mwezi mmoja, nasi tulijiona tumetimiza wajibu wetu.

Mwaka jana kijana huyo alituletea barua. Alikuwa amesikia kwamba huko Rubona, kando ya ziwa Kivu, kuna watu wenye ulemavu wanaokutana kucheza mpira wa wavu wa kukaa chini, nao walikuwa wanatafuta mtu mmoja wa kutimiza timu. Alikuwa amekwisha kuongea nao kwa simu. Aliomba nauli ya kwenda na kurudi, posho kidogo ya wiki mbili za mazoezi, na mpira mmoja wa kuja nao huku nyumbani. Jumla ilikuwa faranga 24,000.

Kamati ya sadaka ya huruma ilikaa. Katika sanduku mlikuwa na faranga 31,000. Siku hizo msaada wa chakula ulikuwa umepunguzwa tena, na kila mmoja wetu alijua nyumba ambamo watoto walilala na njaa. Mama mmoja mjane, mzee wa kanisa anayeheshimiwa, alisimama akasema, “Wapendwa, mchezo ni wa mtu aliyeshiba. Tukimpa huyu mpira, nitawaambia nini wajukuu wangu?” Kura zilipohesabiwa zilikuwa nne kwa nne. Sauti yetu sisi mchungaji ndiyo iliyobaki, na sisi tukasema hapana. Tulimwambia kijana kwa upole kwamba tutamwombea. Alishukuru, akachukua magongo yake, akatoka.

MKATE KWANZA?

Kabla ya kusema tulikosea wapi, tunapaswa kumtendea haki yule mama. Neno lake si neno la mtu mbaya. Yakobo katika waraka wake, sura ya 2, anawakemea wanaomwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa mahitaji ya mwili. Tena Bwana wetu hakuwahubiria wenye njaa tu, aliwalisha.

Wahubiri wengine, wanapotaka kutetea matumizi ambayo si ya chakula, hukimbilia Yohana 12, pale Mariamu alipomimina marhamu ya thamani miguuni pa Yesu, na Yuda Iskariote akauliza kwa nini haikuuzwa kwa dinari 300 wapewe maskini. Halafu wanamwita Yuda kila anayeuliza habari za bei. Sisi hatutafanya hivyo. Mwinjili mwenyewe anatueleza kwamba Yuda hakuwajali maskini, alikuwa mwizi. Mama yetu si mwizi. Wajukuu wake ni wa kweli na njaa yao ni ya kweli. Kwa hiyo hatuwezi kumjibu kwa kumwaibisha. Ni lazima tumjibu kwa hoja.

Basi tuseme wazi hoja yake inasimama juu ya nini. Inasema hivi: haja za mwanadamu zimepangwa kama ngazi. Chini kuna chakula, kisha dawa, kisha nyumba, kisha shule, na juu kabisa, ikibaki pesa, kuna mchezo. Asiyekanyaga kidato cha chini haruhusiwi kupanda cha juu. Nasi tuliamini hivyo. Swali ni kama Mungu alimwumba mtu kwa namna hiyo.

TULIYOYAONA RUBONA

Miezi kadhaa baadaye tuliitwa kwenye semina ya wachungaji huko Rubona. Wanaofahamu Gisenyi wanajua mahali hapo: unafuata barabara ya kando ya ziwa kuelekea kusini, unapita vilima, unafika kwenye ghuba yenye kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanza mwaka 1957. Jioni mashua za wavuvi wa sambaza hutoka zimefungwa tatu tatu, na wavuvi huimba wakipiga kasia.

Karibu na hapo kuna chemchemi za maji moto, ambazo Wanyarwanda huziita amashyuza. Wakati wa mapumziko tulikwenda kuziona. Watu walikuwa wamekaa majini, huyu mgongo unamwuma, yule goti, mwingine ameletwa na ndugu zake. Mchungaji mmoja mwenzetu alisema mahali hapo panamkumbusha birika la Bethzatha katika Yohana 5, ambapo palikuwa na mgonjwa aliyekaa miaka 38 akingojea maji yatibuliwe. Tukaanza kuzungumza juu ya lalamiko la yule mgonjwa. Alipoulizwa kama anataka kuwa mzima, hakusema kwanza habari za ugonjwa. Alisema hana mtu. Walikuwepo watu wengi pale birikani, na bila shaka walikuwepo waliompa mkate, kwa maana aliishi miaka yote hiyo. Lakini hakuwa na mtu.

Wakati wa kurudi tuliona kwenye kiwanja cha nyasi watu kama kumi wakicheza mpira wa wavu wa kukaa chini. Magongo na miguu ya bandia vilikuwa vimelazwa pembeni, kama vile sisi tunavyoacha viatu mlangoni. Kwa wale wasioujua mchezo huu, kiwanja chake ni kidogo, meta 10 kwa 6, na wavu uko chini, meta 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Mchezaji anapogusa mpira ni lazima sehemu anayokalia ibaki ardhini. Anasogea kwa mikono, na mikono hiyo hiyo ndiyo anayopigia mpira. Ni mchezo wa kasi, na mtu mwenye miguu miwili akijaribu bila mazoezi ataaibika.

Mchezaji mmoja aliukosa mpira mwepesi. Mwenzake akamfokea kwa sauti kubwa, akamwita mvivu. Sisi tuliona uchungu. Mtu amekatwa mguu, halafu anafokewa mbele ya watu! Walipopumzika tulimwendea yule aliyefokewa ili tumfariji. Akacheka. Akasema, “Pasta, mwacheni anifokee. Nyumbani hakuna anayenifokea. Wote wananihurumia.”

Wapendwa, tulirudi kwenye semina, lakini hatukusikia tena masomo ya jioni ile. Tulikuwa tunamkumbuka kijana wetu. Tulimpelekea sabuni kila mwezi. Je, katika miaka yote hiyo kuna aliyewahi kumkasirikia kwa sababu hakufika mahali? Hakuna. Hapakuwa na mahali alipongojewa.

MTU HUISHI KWA KUNGOJEWA PIA

Hapa ndipo tunapoona kosa la ile hoja ya ngazi. Chakula humfanya mtu aendelee kuwepo. Lakini mtu anaweza kuwepo na asihitajiwe na yeyote, na hali hiyo nayo ni njaa. Paulo katika 1 Wakorintho 12 hasemi tu kwamba kiungo chenye nguvu kikihurumie kiungo dhaifu. Anasema jicho haliwezi kuuambia mkono kwamba halina haja nao, na kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ni vya lazima. Mtu wa lazima, asipokuja, kazi inakwama. Timu ya mpira wa wavu ina watu sita uwanjani. Mmoja akikosa, watano watauliza yuko wapi.

Sisi wakimbizi tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa sababu sisi sote tu watu wa kupewa. Tunapanga foleni, tunaitwa kwa namba, tunaweka kidole, tunapokea. Tunamshukuru Mungu na wote wanaotoa. Lakini ni nani kati yetu asiyejua uzito wa kupokea mwaka baada ya mwaka bila kuulizwa unajua kufanya nini? Mwalimu, fundi seremala, muuguzi, mkulima wa kahawa, wote wana kadi za namna moja. Kama sisi tunaumia kwa kuhesabiwa kama midomo tu, kwa nini tulimhesabu ndugu yetu vivyo hivyo?

USHUHUDA WA WENGINE

Tulipochunguza habari za jambo hili tulikuta kwamba mizizi yake iko karibu nasi kuliko tulivyodhani. Mtu aliyeanzisha michezo ya watu wenye ulemavu kama inavyojulikana leo alikuwa mkimbizi. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani, aliwakimbia Wanazi mwaka 1939 akapokelewa Uingereza. Mwaka 1944 alikabidhiwa wodi ya askari waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Wakati huo wagonjwa wa namna hiyo walilazwa tu, wakilishwa na kupewa dawa ya maumivu, na wengi walikufa kwa vidonda vya kulala na maambukizi ya mkojo. Guttmann aliwageuza kitandani usiku na mchana, akawaamsha, akawapa kazi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, aliwapanga watu 16 wenye viti vya magurudumu wakashindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Kutoka hapo yalizaliwa mashindano ya Paralimpiki, ya kwanza yakihesabiwa kuwa yale ya Roma mwaka 1960. Tazameni jambo hili: chakula kilikuwepo katika wodi ile tangu mwanzo, na watu walikuwa wakifa.

Hapa Rwanda, Padri Joseph Fraipont alianzisha kituo cha Gatagara mwaka 1960, ambako watoto wenye ulemavu walipata viungo vya bandia na elimu. Mwaka 1997, Bwana Emmanuel Gatera Rudasingwa, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa mguu, pamoja na mkewe Mami kutoka Japani, walianzisha shirika la Mulindi Japan One Love mjini Kigali, wakitengeneza miguu ya bandia na kuitoa bure. Shirika hilo hilo lilisaidia Rwanda kushiriki Paralimpiki kwa mara ya kwanza, huko Sydney mwaka 2000. Miaka minne baadaye, Athens 2004, Jean de Dieu Nkundabera alileta medali ya shaba katika mbio za meta 800, medali ya kwanza ya Paralimpiki kwa nchi hii.

Mwaka 2012 timu ya wanaume ya mpira wa wavu wa kukaa chini ilikwenda London. Ndani yake walikuwemo Dominique Bizimana na Jean Rukondo. Wakati wa vita mmoja alikuwa askari wa upande huu na mwingine wa upande ule, na kila mmoja alipoteza mguu. Hawakurudi na medali. Lakini sisi tuliotoka katika nchi za vita tunajua kwamba kuna jambo gumu kuliko kushinda Wazungu katika mchezo, nalo ni kumpasia mpira mtu aliyekuwa adui yako na kuamini kwamba ataurudisha. Wanawake nao walifuata: Rio 2016, kisha Tokyo, ambako mwaka 2021 waliwashinda wenyeji Japani, kisha Paris 2024.

Na kuna ndugu mmoja ambaye ni wetu kabisa. Parfait Hakizimana alikuwa mtoto mdogo nchini Burundi mwaka 1996 wakati kambi waliyokuwamo ilipovamiwa. Mama yake aliuawa, naye alipigwa risasi katika mkono wa kushoto. Baadaye alijifunza taekwondo. Mwaka 2015 alikimbilia Rwanda, akapokelewa katika kambi ya Mahama. Humo kambini alianza kufundisha watoto na vijana wakimbizi mchezo ule, kwa mkono wake mmoja wenye nguvu. Katika Michezo ya Tokyo alishindana katika timu ya wakimbizi, akiwa wa kwanza kwenda Paralimpiki akitoka moja kwa moja katika maisha ya kambini. Hakupata medali. Lakini wanafunzi wake walikuwa wakimngojea arudi.

MEFIBOSHETHI

Tufungue sasa 2 Samweli. Katika sura ya 4, mstari wa 4, tunasoma habari za mtoto Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na miaka mitano habari za vita zilipofika. Yaya wake akambeba akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Wamama wa kanisa hili hawahitaji kuelezwa habari hiyo. Mefiboshethi alilemaa akikimbizwa.

Katika sura ya 9, Daudi akiwa mfalme anamtafuta, anamkuta Lo-debari, katika nyumba ya watu. Daudi anafanya mambo mawili. La kwanza, anamrudishia mashamba ya babu yake, na kumwamuru Siba na wanawe na watumishi wake wayalime ili chakula kipatikane. Huo ndio mkate. Angeweza kuishia hapo, na kila mtu angemsifu. Lakini anaongeza la pili: Mefiboshethi atakula mezani pa mfalme siku zote, kama mmoja wa wana wa mfalme. Sura inapomalizika, Biblia inakumbusha tena kwamba alikuwa kiwete wa miguu yote miwili. Hakuponywa. Miguu ilibaki vile vile, lakini sasa kulikuwa na kiti kinachoitwa chake, na siku asipokuwepo kiti kile kilionekana kitupu.

Sisi kamati tulimpelekea ndugu yetu chakula Lo-debari. Hatukumpa kiti.

SI KILA MPIRA NI SADAKA NJEMA

Hata hivyo tusije tukatoka shimo moja tukaingia lingine. Si kila mtu anayekuja na mpira na kofia anastahili kuitwa msaidizi. Tumeona mambo ya kusikitisha. Kwa hiyo tunapendekeza maswali matatu ya kuipima sadaka ya namna hii, iwe imetoka kwa wafadhili wa mbali au kwetu wenyewe.

1. Je, mwenyewe ameulizwa? Bwana Yesu, aliyejua yote, alimwuliza mgonjwa wa Bethzatha kama anataka. Kuna mwenye ulemavu anayetaka mchezo, na kuna asiyetaka, anayetaka cherehani au masomo. Tukimlazimisha acheze ili sisi tufurahi, tumemfanya kuwa mchezo wetu.

2. Je, msaada utabaki baada ya picha kupigwa? Viti vya magurudumu vya mpira wa kikapu vina magurudumu yaliyoinama pembeni, ni vizuri kwenye sakafu laini. Vipelekeni kwenye barabara za mawe ya volkano za Goma au za Gisenyi, muone vitadumu siku ngapi! Kiti kikivunjika na pasiwepo fundi wala kipuri, kinageuka kuwa mahali pa kulala kuku. Lakini katika ule mpaka mdogo kati ya Gisenyi na Goma, kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wamevusha mizigo ya wafanyabiashara kwa baiskeli zao za magurudumu matatu za kuendeshwa kwa mikono, zilizochomelewa na kurekebishwa na mafundi wa hapo hapo. Mwenye hekima atoe kitu ambacho fundi wa jirani anaweza kukitengeneza. Tena tunadhani hii ni sababu mojawapo ya nchi isiyo tajiri kufika mbali katika mpira wa wavu wa kukaa chini: hauhitaji kiti, unahitaji mpira, wavu na ardhi.

3. Je, anayepewa leo ataweza kutoa kesho? Huko Gisenyi kuna Frederick Ndabaramiye. Mwaka 1998, akiwa kijana wa miaka 15, wanamgambo walimwamuru awaue abiria wenzake. Alikataa kwa ajili ya imani yake, nao wakamkata mikono yote miwili. Alilelewa katika nyumba ya watoto yatima ya Imbabazi, akajifunza kuchora akishika brashi kwa mabaki ya mikono yake. Mwaka 2005, pamoja na Zacharie Dusingizimana, alianzisha kituo cha Ubumwe mjini Gisenyi, kwa ajili ya watu wenye ulemavu kujifunza ufundi na watoto kusoma. Waliomsaidia Frederick walifanya vema, kwa sababu hawakumwacha abaki mtu wa kusaidiwa.

TULIVYORUDI NYUMBANI

Tuliporudi kutoka Rubona tulikwenda kwa kijana wetu tukamwomba msamaha. Tungependa kuwaambia kwamba tulilia na kukumbatiana. Haikuwa hivyo. Alitusikiliza, akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Pasta, nauli ilikuwa ya wakati ule. Nafasi wamempa mwingine.” Kuna makosa ambayo msamaha hauyarudishi nyuma.

Tukamwuliza, kama tulivyopaswa kumwuliza tangu mwanzo, ni kitu gani anachotaka sasa. Alifikiri, akasema anataka filimbi. Watoto wetu wanaocheza Jumamosi hawana mtu wa kuwafundisha, nao wanapigana kila mara. Filimbi ilipatikana kwa bei ndogo kuliko sabuni ya mwezi mmoja. Leo, akichelewa Jumamosi, watoto wanakwenda kumgongea mlango.

Tulimwendea pia yule mama mjane. Tulimweleza yote tuliyowaeleza ninyi hapa, habari za kungojewa na habari za Mefiboshethi. Tulidhani tumemjibu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Na sisi wajane, Pasta, ni nani anayetungojea?” Wapendwa, hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumemtumia yeye kama sababu ya kumnyima kijana, kumbe tulikuwa tumemtendea yeye vile vile: maharage kila mwezi, bila swali hata moja. Mama huyu alikuwa mkunga kwa miaka mingi kabla ya vita. Katika kambi hii hatukuwahi kumwomba awafundishe wasichana wetu jambo lolote.

Basi tunasema nini? Hatusemi mpira ni bora kuliko mkate. Asiyelisha mwenye njaa asijitetee kwa makala hii. Tunasema kwamba mkate na kiti havikupangwa katika ngazi. Daudi alitoa vyote viwili siku moja, kwa mtu mmoja, na kimoja bila kingine ni sadaka iliyokatwa mguu.

Kamati imekaa tena. Baada ya mabishano marefu imekubali kwamba katika kila sehemu kumi za sadaka ya huruma, sehemu moja itatengwa kumpa mtu nafasi ya kutumika, iwe ni nauli ya mazoezi, filimbi, nyuzi za kusuka vikapu au daftari la mkunga. Wazee wawili hawakukubali, nao wana sababu zao, na milango ya mazungumzo iko wazi. Sehemu tisa zitabaki kwa chakula na dawa, na bado hazitoshi. Tunawasihi wanaopata kidogo katika biashara zao au katika likelemba wakumbuke sanduku hilo.

Nabii Zekaria, sura ya 8, alipouona mji uliorudishiwa amani, aliona njiani wazee walioshika mikongojo, na katika njia hizo hizo aliona wavulana na wasichana wakicheza. Mikongojo na mchezo vilikuwa mahali pamoja. Tunaomba Mungu atufikishe kwenye mji huo. Na kabla hatujafika, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja ambaye amekuwa akimpa tu, amwendee wiki hii bila kubeba kitu mkononi, amwombe kazi anayoiweza, na ampangie siku ya kuja.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo na iwe pamoja nanyi nyote. Amina.